Kiendelezi cha Kihariri cha Msimbo katika Utayarishaji wa Nafasi ya Kazi ya Programu za Wavuti: Utaratibu, Utayari na Ridhaa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kiendelezi cha kihariri cha msimbo kinavyoweza kutayarisha, bila kuingiliwa na mkono wa mtumiaji, nafasi ya kazi ya programu ya wavuti yenye upande wa mbele, upande wa nyuma na hifadhidata. Mfano unaotumika ni kihariri cha Visual Studio Code pamoja na faili zake za usanidi. Hoja kuu ni kwamba ubora wa kiendelezi cha aina hii haupimwi kwa wingi wa amri ambazo mtumiaji hahitaji tena kuziandika. Hupimwa kwa mambo matatu: kama kinayatoa maarifa ya mradi vichwani mwa watu wachache na kuyaweka katika maandishi yanayokaguliwa, kama kinatofautisha mchakato ulioanza na mchakato uliokuwa tayari, na kama kinaomba ridhaa kabla ya kuendesha amri za mtu mwingine katika kompyuta ya mtumiaji. Makala yanahitimisha kwamba jambo la tatu ndilo gumu zaidi, kwa kuwa urahisi na hatari hupitia mlango mmoja.

Maneno msingi: kiendelezi, kihariri cha msimbo, nafasi ya kazi, majukumu, kontena, ridhaa

1.0 Utangulizi

Programu nyingi za wavuti hujengwa kwa sehemu tatu zinazotegemeana. Sehemu ya kwanza ni ile inayoonekana katika kivinjari. Ya pili ni seva inayopokea maombi na kuyajibu. Ya tatu ni hifadhidata inayotunza taarifa. Watayarishaji programu huiita kazi ya kushughulikia sehemu zote hizo kwa pamoja fulsteki. Anayeifanya hana budi kuziendesha sehemu zote tatu kwa wakati mmoja katika kompyuta yake ili aone matokeo ya badiliko dogo aliloandika.

Ugumu hujitokeza siku ya kwanza. Mtu anayejiunga na mradi hupokea folda yenye msimbo, lakini msimbo peke yake hauendi. Anahitaji kujua toleo la Node.js linalotakiwa, vitegemezi vya kusakinishwa, jina na nenosiri la hifadhidata, poti ambayo kila sehemu inasikiliza, na mpangilio wa kuziwasha. Aghalabu maarifa hayo yamo kichwani mwa mtu mmoja aliyeuanzisha mradi. Akiondoka, mradi hubaki kama nyumba iliyofungwa ambayo mwenye ufunguo amesafiri: kila kitu kimo ndani, ila hakuna anayeweza kuingia. Kwa mwanafunzi mwenye muhula mmoja wa kukamilisha mradi wake, au kwa ofisi ndogo yenye watayarishaji wawili, siku zinazopotea hapo ni hasara kubwa.

Kiendelezi kinachotayarisha nafasi ya kazi kinakusudiwa kuondoa kikwazo hicho. Makala haya yanafafanua namna kinavyofanya kazi, mahali kinapokwama, na sababu ya baadhi ya ufumbuzi wake kuleta matatizo mapya.

2.0 Nafasi ya Kazi kama Maandishi

Microsoft ilitangaza Visual Studio Code mwezi Aprili 2015. Mwezi Novemba mwaka huohuo msimbo wake uliwekwa wazi, na uwezo wa kuongezewa viendelezi ukaanza kupatikana. Katika kihariri hiki, nafasi ya kazi kwa maana ya msingi ni folda iliyofunguliwa. Ndani ya folda hiyo huweza kuwamo folda ndogo iitwayo .vscode, ambayo hubeba faili nne zinazohusu mjadala huu: settings.json yenye mapendeleo ya mradi, extensions.json yenye viendelezi vinavyopendekezwa, launch.json yenye maelekezo ya utatuzi wa hitilafu, na tasks.json yenye majukumu yanayoweza kuendeshwa.

Faili hizi ni maandishi ya kawaida. Huhifadhiwa pamoja na msimbo, historia ya mabadiliko yake huonekana, na mtu yeyote katika timu anaweza kuhoji kwa nini mstari fulani umeandikwa. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya maelekezo ya mdomo na usanidi ulioandikwa. Maelekezo ya mdomo hubadilika kimyakimya, ilhali usanidi ukibadilika huacha alama.

Kutokana na hilo, kiendelezi kizuri cha kutayarisha nafasi ya kazi hakijengi ulimwengu wake wa siri. Huchunguza mradi na kutambua, kwa mfano, kwamba upo package.json wa upande wa mbele na mwingine wa upande wa nyuma, kisha huandika au hupendekeza majukumu katika tasks.json. Mtumiaji akikiondoa kiendelezi kesho, majukumu hubaki na huendelea kufanya kazi. Kiendelezi kinachohifadhi maarifa hayo ndani yake chenyewe hakijaondoa utegemezi wa mtu mmoja. Kimeuhamishia kwenye chombo kimoja.

3.0 Namna Kiendelezi Kinavyoendesha Amri

Kiendelezi cha Visual Studio Code ni programu iliyoandikwa kwa JavaScript au TypeScript. Hujitambulisha kupitia faili yake ya package.json, ambamo hutaja amri inazozitoa na tukio litakaloiamsha. Tukio hilo linaweza kuwa kuwepo kwa faili fulani katika folda iliyofunguliwa. Kiendelezi kikiamshwa, kihariri huita kitendakazi chake kiitwacho activate. Kikizimwa, huita deactivate. Viendelezi huendeshwa katika mchakato uliotengwa na ule wa dirisha, ili kiendelezi chenye kasoro kisiyazuie maandishi kuonekana mtumiaji anapochapa.

Kiendelezi kinachotaka kuwasha seva na hifadhidata kina njia kuu tatu, na uchaguzi baina yake una athari kubwa kuliko unavyodhaniwa.

Njia ya kwanza ni kufungua terminali na kutuma maandishi ndani yake kana kwamba mtumiaji ameyachapa. Faida yake ni uwazi, kwa kuwa mtumiaji huona kila amri. Kasoro yake ni kwamba kutuma maandishi, kwa chenyewe, hakurejeshi jibu la kama amri imefaulu au imeshindwa. Kiendelezi kinachotumia njia hii peke yake hufanana na mtu aliyetuma barua asijue kama imefika.

Njia ya pili ni kuzalisha mchakato mtoto moja kwa moja kupitia Node.js. Hapa kiendelezi hupata udhibiti kamili: husoma matokeo yote na hujua namba ambayo mchakato umeirejesha ulipoisha, ambapo sifuri humaanisha kufaulu. Hata hivyo, mtumiaji haoni chochote isipokuwa kile ambacho kiendelezi kimeamua kumwonyesha. Aidha, mchakato usiposimamishwa ipasavyo, unaweza kuendelea kuishi baada ya dirisha kufungwa na kuishikilia poti.

Njia ya tatu ni kutumia mfumo wa majukumu wa kihariri chenyewe. Kiendelezi huomba jukumu fulani liendeshwe, kihariri huliendesha katika terminali inayoonekana, kisha hukiarifu kiendelezi mchakato unapoisha na kwa namba gani. Njia hii huunganisha uwazi wa ile ya kwanza na taarifa za ile ya pili. Kwa kazi ya kutayarisha nafasi ya kazi, ndiyo inayofaa kuwa msingi, na nyingine mbili zibaki kwa mahitaji ya pekee.

4.0 Kuanza si Kuwa Tayari

Katika tasks.json, jukumu moja linaweza kutaja majukumu mengine linayoyategemea kupitia sifa ya dependsOn. Kwa kawaida majukumu hayo huendeshwa sambamba. Yakitakiwa kufuatana, huongezwa sifa ya dependsOrder yenye thamani sequence. Kwa mtazamo wa haraka, tatizo la mpangilio limekwisha: hifadhidata kwanza, seva ya pili, upande wa mbele mwishoni.

Kiutendaji hali ni tofauti, kwa sababu seva na hifadhidata ni michakato isiyoisha. Jukumu la kusakinisha vitegemezi huisha, na kuisha kwake ni ishara kwamba linalofuata lianze. Seva iliyowashwa haiishi, inabaki ikisikiliza. Kwa hiyo swali haliwi tena jukumu limeisha lini, bali limekuwa tayari lini. Kihariri hujibu swali hilo kwa kusoma maandishi yanayotolewa na mchakato: jukumu huwekewa sifa ya isBackground, na pamoja nayo ruwaza mbili, moja ya kuonyesha mwanzo wa shughuli na nyingine ya kuonyesha utayari. Mstari unaolingana na ruwaza ya pili ukionekana, jukumu linalofuata huruhusiwa kuanza.

Utaratibu huu hutegemea maneno, na maneno yanaweza kupotosha. Mfano mzuri ni taswira rasmi ya PostgreSQL inayotumiwa katika Docker. Inapowashwa kwa mara ya kwanza ikiwa na folda tupu ya data, huwasha seva ya muda kwa ajili ya maandalizi, huizima, kisha huwasha seva yenyewe. Matokeo yake ni kwamba mstari unaosema hifadhidata iko tayari kupokea miunganisho huonekana mara mbili. Kiendelezi kinachoamini mstari wa kwanza kitaiwasha seva ya programu mapema mno, nayo itakataliwa muunganisho na kuanguka. Siku ya pili, data ikiwa imeshakuwepo, mstari huonekana mara moja tu na kila kitu huenda sawa. Hitilafu ya namna hii huwachosha wanaoanza kwa sababu hutokea mara moja, kwa mtu mgeni, katika kompyuta mpya, na haijirudii anapomwita mwenzake aje aione.

Docker Compose nayo ina tofauti hiyohiyo. Sifa ya depends_on katika umbo lake fupi husubiri kontena liwashwe, wala haisubiri huduma iliyomo ndani iwe tayari. Ili utayari usubiriwe, ni lazima huduma iwekewe kipimo cha afya na utegemezi uandikwe kwa sharti la service_healthy. Kwa PostgreSQL, kipimo kinachotumika mara nyingi ni programu ya pg_isready. Hata hiyo ina mpaka wake: hueleza kama seva inapokea miunganisho, lakini haithibitishi kwamba jina na nenosiri la mtumiaji ni sahihi.

Funzo lililopo ni kwamba utayari unapaswa kupimwa kwa tendo linalokaribiana na lile litakalofanywa na mtegemezi. Ikiwa seva ya programu itaingia kwa nenosiri na kusoma jedwali, kipimo bora ni kuingia kwa nenosiri hilohilo na kuuliza swali dogo. Kipimo cha mbali zaidi ya hapo hutoa matumaini tu.

5.0 Kurudia bila Kuharibu

Nafasi ya kazi haitayarishwi mara moja. Hufunguliwa kila asubuhi, hufungwa ghafla umeme unapokatika, na hufunguliwa tena. Kwa hiyo kila hatua ya kiendelezi inapaswa kuweza kurudiwa bila kuleta madhara. Hatua ya kuunda majedwali ikirudiwa isishindwe kwa kuwa majedwali yapo; hatua ya kuingiza taarifa za majaribio ikirudiwa isizae wanafunzi wawili wenye namba moja ya usajili.

Mabaki ya jana huleta matatizo yasiyotarajiwa. Katika taswira ya PostgreSQL iliyotajwa, nenosiri linalotolewa kupitia usanidi hutumika pale tu folda ya data inapokuwa tupu. Mtumiaji akibadilisha nenosiri katika faili ya .env baada ya hapo, hifadhidata huendelea kutumia lile la zamani, na seva hukataliwa ingawa maandishi yote mawili yanaonekana kuwa sahihi. Kiendelezi makini hakifuti data ili kuondoa tatizo. Hueleza kwamba nenosiri jipya halikuifikia hifadhidata iliyopo, kisha humwachia mtumiaji uamuzi wa kuibadilisha au kuianza upya.

Mfano mwingine ni wa poti. Vite, chombo kinachotumika kuendesha upande wa mbele, husikiliza kwa kawaida poti ya 5173. Poti hiyo ikiwa imeshikiliwa na mchakato uliosalia jana, Vite huhamia poti inayofuata iliyo wazi na kuendelea, isipokuwa imeamriwa kutofanya hivyo. Ukurasa hufunguka vizuri, ila seva ya nyuma, ambayo imeruhusu maombi kutoka poti ya 5173 pekee, haiutambui ukurasa huo, na kivinjari huzuia majibu yake. Mtumiaji hutafuta kosa katika msimbo wake kwa saa nzima, ilhali kosa limo katika mchakato asioujua. Kwa sababu hiyo, kuzima kila kilichowashwa ni sehemu ya kazi ya kiendelezi sawa na kuwasha. Pale poti isipopatikana, heri kisimame na kusema kuliko kuendelea kimyakimya.

6.0 Makontena: Faida na Gharama

Mwezi Mei 2019 Microsoft ilitangaza viendelezi vya Visual Studio Code vinavyowezesha kufanya kazi ndani ya kontena, katika seva ya mbali au katika mfumo wa Linux uliomo ndani ya Windows. Kwa makontena, usanidi huandikwa katika faili ya devcontainer.json. Humo hutajwa taswira ya kuanzia, poti za kufunguliwa, viendelezi vya kusakinishwa, na amri za kuendeshwa katika hatua mbalimbali: postCreateCommand baada ya kontena kuundwa, na postStartCommand kila linapowashwa.

Faida yake ni kubwa. Toleo la lugha, zana na maktaba za mfumo huwa sawa kwa kila mtu, na tofauti baina ya Windows, macOS na Linux hupungua sana. Kauli kwamba programu inafanya kazi kwenye kompyuta moja na si nyingine hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Gharama nazo zipo, na hazilingani kila mahali. Taswira pamoja na vitegemezi huweza kufikia mamia ya megabaiti, au kupita gigabaiti moja. Kwa mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu anayenunua data kwa bando na kutumia kompyuta yenye kumbukumbu ndogo, utayarishaji unaosemwa kuwa wa kubofya mara moja unaweza kumaliza bando la wiki kabla mstari wa kwanza wa msimbo haujaandikwa. Ukikatika katikati, hurudi nyuma. Hivyo kiendelezi kinachokusudiwa watumiaji kama hao kinapaswa kutaja ukubwa wa kinachopakuliwa kabla ya kuanza, kutumia kilichokwishahifadhiwa katika kompyuta, na kutoa njia nyepesi isiyohitaji kontena.

7.0 Ridhaa: Kufungua Folda au Kuendesha Msimbo

Kadiri utayarishaji unavyokuwa wa kujiendesha, ndivyo mpaka kati ya kusoma msimbo na kuuendesha unavyofifia. Katika tasks.json, jukumu linaweza kuwekewa sifa ya runOn yenye thamani folderOpen ili liendeshwe folda inapofunguliwa. Kwa mwenye mradi, hiyo ni nafuu. Kwa mtu aliyepakua folda ya mgeni ili aisome tu, huo ni mlango wa amri asizozijua kuingia katika kompyuta yake, mahali zilipo funguo zake za siri na kazi zake nyingine.

Hatari hiyo ndiyo iliyosababisha utaratibu wa kuaminiwa kwa nafasi ya kazi, uliotolewa katika toleo la 1.57 la Visual Studio Code mwaka 2021. Folda mpya inapofunguliwa, mtumiaji huulizwa kama anawaamini walioiandika. Akikataa, kihariri huingia katika hali ya vizuizi: majukumu na utatuzi wa hitilafu huzuiwa, na baadhi ya mapendeleo na viendelezi huzimwa. Kila kiendelezi hueleza katika package.json yake kama kinaweza kufanya kazi katika folda isiyoaminiwa, kwa ukamilifu, kwa mipaka, au kisifanye kabisa.

Utaratibu huu ni muhimu, lakini hautoshelezi, kwa sababu tatu. Kwanza, swali huulizwa mapema kuliko ujuzi: mtumiaji huombwa kuamini kabla hajasoma. Pili, swali linalorudiwa kila siku huzoeleka, na jibu la ndiyo huwa la mkono badala ya akili. Tatu, imani inayotolewa ni moja kwa mambo mengi. Anayeruhusu jukumu la kukagua msimbo ameruhusu pia jukumu la kupakua na kuendesha programu kutoka mtandaoni. Ikumbukwe vilevile kwamba kiendelezi chenyewe huendeshwa kwa mamlaka yaleyale ya kihariri, hivyo kinaweza kusoma faili na kuzalisha michakato kama kihariri kinavyoweza.

Makontena hupunguza hatari hii bila kuiondoa. Devcontainer.json inaruhusu sifa ya initializeCommand, na amri inayoandikwa humo huendeshwa katika kompyuta mwenyeji, nje ya kontena. Anayedhani kwamba kila kilichoandikwa katika faili hiyo kimefungiwa ndani ya kontena amekosea.

Kiendelezi kinaweza kuziba sehemu ya pengo hili kwa kuonyesha mpango kabla ya kutenda. Kabla ya kuendesha chochote, kiorodheshe amri zitakazoendeshwa kwa mpangilio wake, faili zitakazoandikwa, poti zitakazotumika na vitu vitakavyopakuliwa, kisha kisubiri ridhaa. Amri zikibadilika tangu ridhaa ya mwisho, kionyeshe mabadiliko hayo pekee na kuuliza upya, zisipobadilika, kisiulize. Kwa njia hiyo maswali hupungua, na kila swali hubeba taarifa. Mtumiaji haombwi kuwaamini watu asiowajua. Anaombwa kukubali au kukataa orodha anayoiona.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kutayarisha nafasi ya kazi ya programu za wavuti si suala la kukusanya amri chache na kuziwekea kitufe. Amri hizo ni sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni kujua huduma imekuwa tayari lini, kurudia hatua bila kuharibu kilichopo, kuzima kilichowashwa, na kuheshimu haki ya mtumiaji kujua kinachoendeshwa katika kompyuta yake.

Mambo hayo yote hukutana katika kigezo kimoja. Kiendelezi kinachotenda kwa siri kinaweza kumwokoa mgeni siku ya kwanza, lakini siku kinapokwama humwacha akiwa hajui chochote zaidi ya alivyojua alipoanza. Kiendelezi kinachotenda kwa maandishi na kwa ridhaa humfundisha mradi kadiri kinavyoutayarisha, na siku kinapokwama mtumiaji ana mahali pa kuanzia kusoma. Katika mafunzo ya vyuo hasa, ambako lengo si kuwasha programu tu bali kumjenga mtu atakayeweza kuiwasha bila msaada, tofauti hiyo inastahili kuwa kipimo cha kwanza cha tathmini, na kasi ifuate baada yake.